Mbingu ya Pap Onditi

Mama Zuhura alizikwa Ijumaa baada ya sala, na jioni ile nyumba yake ya Kaloleni ilijaa watu mpaka wengine wakatandikiwa mikeka uani. Nilikuwa nimekaa na akina mama karibu na jiko la nje nilipomwona Okello akiingia langoni, mvi kichwa kizima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa amesafiri kutoka Nairobi tangu alfajiri. Tulisalimiana kwa muda mrefu. Mjukuu wa marehemu, msichana wa chuo, akatuomba tusimame ukutani atupige picha, kwa sababu bibi yake alikuwa akitutaja sana, Achieng na Okello, Okello na Achieng, kana kwamba sisi ni jina la duka. Mbingu siku hiyo ilikuwa na rangi ya jivu. Msichana alipiga, akagusa simu kwa kidole gumba, na alipotuonyesha, juu ya vichwa vyetu palikuwa na samawati safi na mawingu meupe. Okello alivaa miwani yake, akaitazama ile picha kwa makini, kisha akamuuliza kwa upole, "Sasa hapa jua linatoka upande gani?" Msichana hakuelewa swali. Mimi nililielewa vizuri sana, nikalazimika kujifunika uso kwa leso ili waombolezaji wasinione nikicheka.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nikingojea nafasi ya chuo ambayo haikuwa na haraka ya kuja, na Mama Zuhura alikuwa na studio ya picha katikati ya mji wa Kisumu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Ukipanda ngazi ulisikia kwanza harufu ya tangawizi, kwa sababu chai haikutoka kwenye jiko la umeme kuanzia asubuhi hadi tunafunga. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia la kupigia picha, taa mbili na kioo cha wateja kuchania nywele. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Okello na kompyuta. Kompyuta yenyewe ilifunikwa kitambaa cha kufumwa kila jioni, kama redio za zamani, na Mama Zuhura alikuwa akiifunua asubuhi kwa bismillahi. Yeye alikuwa mpiga picha wa filamu, mjane wa mpiga picha, na mashine ile aliinunua kwa sababu wateja walitaka mambo mapya, si kwa sababu aliipenda. Alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake akiangalia skrini, akisema, "Okello, sasa huyo mama wa watu unamfanya nini?" Na Okello, bila kugeuka, alijibu, "Namtoa mwiko nyuma ya kichwa, Mama. Mtu amesimama nyuma yake na mwiko."

Nilichukuliwa kwa kupokea wateja na kukata picha za pasipoti. Lakini chumba cha nyuma kilinivuta. Okello alinizidi miaka michache tu, na alifundisha kwa njia ya kunung'unika, kama mtu anayejisemesha. Alinionyesha leya. Picha, alisema, usiifikirie kama karatasi moja. Ifikirie kama karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zimelaliana, na wewe unaamua ipi ikae juu na ipi ionekane wapi. Kazi iliyotuletea wateja wengi kuliko zote ilikuwa ya kubadilisha mbingu. Watu wanaoa, wanabatiza, wanahitimu siku yoyote wanayopangiwa, na ziwa halijali. Asubuhi linaweza kuinua wingu likaufunika mji wote kama sufuria. Picha zinarudi na mbingu nyeupe isiyo na kitu, na watu wamesimama chini yake kama wamepigwa mbele ya ukuta wa hospitali. Okello alichagua ile mbingu mbaya, akaificha, akaweka nyingine kwenye leya ya chini. Alisisitiza neno hilo, kuficha. "Usifute," alisema. "Ukifuta umemaliza. Ukificha, unaweza kubadilisha mawazo."

Tulikuwa na mbingu zetu wenyewe. Okello alipotumwa Usenge kupiga picha za harusi, alirudi pia na mbingu ya asubuhi iliyo juu ya dagaa wa omena walioanikwa. Alipokwenda Dunga alirudi na nyingine. Alizipa majina na kuzihifadhi. Nilijifunza haraka kwamba ugumu hauko kwenye mbingu bali kwenye watu. "Angalia hapa," Okello alisema kuhusu kazi yangu ya kwanza, ambayo mimi niliiona nzuri ajabu. "Hawa watu wako na mwanga wa mvua. Mbingu yako iko na mwanga wa jua. Wanaonekana kama stempu umebandika kwa bahasha." Baada ya hapo sikuweza tena kutembea mjini bila kutazama vivuli vya watu viko upande gani. Mpaka leo siwezi. Watoto wangu wamezoea kunivuta mkono tukivuka barabara.

Mzee Obiero alikuja studio mwanzoni mwa mvua za vuli. Alikuwa mrefu, amevaa koti la suti na viatu vya akala, na alibeba picha moja ndani ya Biblia. Ilikuwa picha ya harusi yake, ya rangi, iliyogeuka kuwa na manjano kote kama kitambaa kilichofuliwa kwa maji ya tope. Bwana harusi amekaza kifua. Bibi harusi amevaa shela ndefu, mkono wake ndani ya mkono wa mume, uso umeinamia upande kidogo, mdomo umefungwa. Nyuma yao kanisa la mabati na mkaratusi mmoja, na juu yao mbingu iliyokufa kabisa. Alinieleza akiwa amesimama, ingawa kiti kilikuwapo. Mke wake alikuwa mgonjwa. Madaktari walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani Pap Onditi, na jinsi alivyolitamka neno hilo, kumruhusu, nilielewa kwamba hawakuwa na jingine la kumfanyia. Hiyo ilikuwa picha yao ya pekee ya siku ile. Na kila mara mkewe alipoitazama alisema kitu kilekile, kwamba hata mbingu iliwanunia. Alisema hivyo wageni wakija, alisema hivyo mtoto wao wa kwanza alipozaliwa kwenye mvua wakamwita Akoth. Sasa Mzee alikuwa amesikia kwamba hapa mjini kuna watu wanaoweza kurekebisha mbingu.

"Tunaweza, Mzee," Okello alisema, akamfungulia zile zetu, moja baada ya nyingine, akitaja kila moja ilikotoka. Mzee aliinama akaziangalia kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa ng'ombe wazuri wa mtu mwingine. Mwishoni akasema, "Ni nzuri sana. Lakini hizi ni za Usenge. Sisi hatukuolea Usenge."

Okello alitaka kumweleza kwamba kwenye picha hakuna atakayejua tofauti. Nilimwona akifungua mdomo. Mama Zuhura alikuwa mlangoni na kikombe chake, naye ndiye aliyejibu. "Atakwenda kuichukua ya kwenu, Mzee. Na huyu msichana ataenda naye."

Kwa hiyo tulikwenda. Tulishuka Katito, pale wanapouza nyanya na mahindi ya kuchoma kwenye njia panda, tukachukua boda boda za baiskeli zilizotupeleka hadi Pap Onditi, Okello akiikumbatia kamera ya studio chini ya shati. Wingu lilitangulia kufika. Mvua ilianza tulipokuwa tunaingia bomani kwa Mzee, na ikaamua kukaa. Tukapewa chai, kisha ugali wa mtama, samaki wa kukaushwa kwenye mchuzi mzito, na mboga ya osuga iliyotiwa maziwa. Sebule ilikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe na kalenda za miaka iliyopita, kila moja imeachwa ukutani kwa sababu ya picha yake. Mzee hakutulia. Kila mara alitoka kibarazani kuangalia juu, mwishowe akamchukua Okello waende wakasimame kanisani kabisa, wakiwa na mwavuli, ili mbingu ikifunguka iwakute. Mimi nikabaki na sahani yangu.

Nyumba zetu nyingi za zamani zina kuta zisizofika juu. Zinaishia usawa wa mtu mrefu, na kutoka hapo hadi mabati ni pa wote. Chumba cha pili Akoth alikuwa akimnywesha mama yake uji. Nilisikia kijiko. Walizungumza Kijaluo, kwa sauti ya kawaida, bila kujua kwamba nimebaki, au bila kujali.

"Wamekuja kupiga mbingu picha," mgonjwa alisema, na kulikuwa na kicheko ndani ya sauti yake. "Baba yako huyu."

"Si wewe husema kila siku iliwanunia?"

"Nilisema. Ningesema nini?" Kijiko kikanyamaza. "Baba yangu alikataa. Alitaka nimalize chuo cha ualimu kwanza, akaapa hatakanyaga pale kanisani. Mimi nilifikiri atakuja tu. Tulipotoka tukapangwa kwa picha, mimi nilikuwa naangalia barabara. Yule wa kamera akasema tayari, na barabara ilikuwa tupu. Baba yako akaniuliza, mbona umenuna? Nikamwambia ni hii mvua. Sasa mvua ndiyo alibaki nayo."

"Na hujawahi kumwambia?"

"Kila mwaka ulipopita ilikuwa ngumu zaidi. Nipe maji."

Niliketi na mkono wangu ndani ya sahani, mchuzi ukinikaukia vidoleni. Sikujua kama nitoke nje au nikohoe. Kisha sauti ya mvua kwenye mabati ikapungua, ikawa matone, na Okello akaniita kutoka mbali kwa jina langu, mara mbili. Nilikimbia kwenye matope bila viatu. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limefunguka, si lote, sehemu tu, kama mtu aliyeinua pembe ya blanketi, na mwanga ulikuwa unaingia kutoka hapo ukitandaa juu ya mashamba ya mpunga. Mzee alikuwa amesimama chini ya mkaratusi, kofia mkononi. Okello alipiga picha nyingi za lile tundu la mwanga, halafu, jua lilipotoka kabisa na samawati ikashika juu ya kanisa, akapiga nyingine nyingi zaidi. "Hii ndiyo yenyewe," alisema kuhusu samawati. Mzee aliitikia kwa kichwa.

Kazi ya kompyuta nilipewa mimi, na ilinichukua siku kadhaa. Kanisa lilikuwa rahisi na mkaratusi ulikuwa mgumu, lakini shela ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu shela inaonyesha kilicho nyuma yake. Ile mbingu ya zamani ilikuwa imeingia kila tundu la kitambaa. Ilinibidi kuificha kwa brashi ndogo, kidogo kidogo, nikiacha uzi na kutoa wingu. Nilipomaliza niliweka samawati ya Okello chini, nikaitia manjano ili izeeke kama watu walio mbele yake. Ilikaa vizuri. Vivuli havikugombana, ukingo haukuonekana. Nikarudi nyuma kwenye kiti niitazame, na hapo nikauona uso.

Chini ya mbingu ya jivu, uso wa bibi harusi ulikuwa uso wa mtu aliyesimama kwenye baridi. Chini ya samawati hakukuwa na baridi tena. Kila kitu kilikuwa kinang'aa, na katikati ya huo mng'ao alisimama msichana mwenye huzuni ambayo sasa haikuwa na sababu yoyote ya kuonekana. Mtu yeyote angeuliza ana nini. Okello naye aliliona, ingawa hakujua ninachokijua. Alisogeza kiti, akasema, "Hapo ni kitu kidogo. Unashika pembe za mdomo, unainua hivi. Atatabasamu." Na alipoinua kwa kuonyesha, kweli akatabasamu, na akawa mtu mwingine. Nilimwambia arudishe. Akauliza kwa nini. Nikasema tu kwamba Mzee hakuomba tabasamu. Tukagombana, mara ya pekee mwaka ule, kwa sauti ya chini kwa sababu chumba cha mbele kulikuwa na mtoto wa ubatizo.

Mama Zuhura alinikuta kwenye ngazi. Alinipa vitunguu na kisu, kwa sababu siku za Ijumaa alipika pilau pale pale studio na kila aliyeonekana hana kazi alipewa vitunguu. Nilimweleza yote niliyoyasikia kwa Mzee Obiero, machozi yakinitoka, na ilikuwa rahisi kusingizia vitunguu. Hakunilaumu kwa kusikiliza. Alikaanga kwanza, akatia nyama, akafunika. Ndipo akasema, "Wewe umepewa kazi ya mbingu. Uso mwachie mwenyewe."

Nimeishi na maneno hayo kuliko mengi niliyofundishwa darasani baadaye. Lakini wakati ule nilikuwa na tatizo la kutatua kabla ya kufunga. Nilirudi kwenye skrini, nikaificha samawati, nikafungua picha za mwanzo, zile Okello alizopiga wingu lilipokuwa linafunguka. Nilichagua moja na kuiweka chini ya kanisa. Mbingu ikawa nzito juu ya vichwa vyao, kisha, nyuma ya bega la bibi harusi, ikaanza kupata nuru. Msichana alirudi kuwa mtu aliyesimama kwenye baridi, ila sasa baridi ilikuwa inakwisha. Okello aliitazama kwa muda. "Si samawati," alisema. Halafu, akinung'unika, "Lakini mwanga umekubali."

Jumamosi iliyofuata Okello alikuwa na harusi mjini, kwa hiyo nilikwenda Pap Onditi peke yangu. Mama Zuhura alinipa kamera yake ya pili ya filamu, akasema watoto wa Mzee wamerudi nyumbani na huenda wakataka picha na mama yao. Niliibeba kwa woga. Nilikuwa sijawahi kumpiga mtu picha kwa kazi. Kazi yangu yote ilikuwa juu ya picha zilizopigwa na wengine.

Mama Akoth alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, mwembamba sana, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Macho yake yalikuwa makali. Mzee aliitoa picha kwenye bahasha yeye mwenyewe, akaifuta kwa mkono wa koti ingawa haikuwa na vumbi, akaishika mbele yake. Akoth alisimama mlangoni. Mgonjwa aliiangalia muda mrefu, akipitisha kidole pole pole kwenye ile nuru.

"Hapa mvua inaisha," alisema.

"Ni mbingu ya hapa hapa," Mzee alisema. "Ya kanisani. Niliwasimamia."

"Lakini mimi bado nimenuna."

"Ulikuwa unasikia baridi."

Alimtazama mumewe. Nilianza kusogea kuelekea mlangoni, lakini Akoth alikuwa ameuziba na hakuonekana kuniona. "Sikuwa nasikia baridi, Baba Akoth," alisema. "Nilikuwa namwangalia baba yangu barabarani. Nilifikiri atakuja."

Mzee alibaki na picha mikononi. "Si uliniambia ni mvua," alisema.

"Mimi ndiye nilikuambia."

"Mimi nimeikasirikia hiyo mvua mpaka leo. Ikinyesha vizuri, shamba linashiba, watu wanafurahi, mimi nakumbuka ulivyonuna." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ungeniambia ukweli."

"Ungefanya nini?"

Alifikiri. "Ningeenda kumchukua."

"Na suti ya harusi?"

"Na suti ya harusi."

"Ndiyo sababu sikukuambia," alisema, na akaanza kucheka, kicheko kisicho na nguvu ambacho kilimfanya akohoe mpaka Akoth akaja kumshika mgongo. Mzee alicheka pia, kisha hakuwa anacheka, akajifuta uso kwa kiganja, na mke wake akaweka mkono juu ya goti lake akauacha hapo. Walikaa hivyo. Kuku aliingia, akatazama, akatoka.

Ndipo aliponigeukia. "Wewe msichana, hiyo kamera inafanya kazi?"

Nilisema inafanya. Akoth akasema basi amtolee mama kiti nje, uani, maana leo jua liko vizuri, hakuna hata wingu. Mama yake akatikisa kichwa. "Mambo ya nje tumeyamaliza. Atupige humu ndani."

Chumba kilikuwa na dirisha moja la mbao. Nililifungua lote, nikamwomba Akoth ashike shuka nyeupe upande wa pili ili mwanga urudi kwenye nyuso zao, kama nilivyomwona Mama Zuhura akifanya. Mzee alivua kofia, akafunga kifungo cha koti, akaniuliza kama acheke au asicheke. "Kaa tu vile uko," mke wake alimjibu kabla yangu. Akamgeukia ili amwambie jambo jingine, na yeye akamtegea sikio, na hapo nikabonyeza.

Mama Akoth alifariki kabla ya mvua za masika. Akoth na kaka yake walikuja studio kutaka picha kubwa ya kuwekwa mbele ya jeneza, na walikuwa wamechagua ile ya chumbani. Okello aliiskani, akaifungua kwenye skrini, akaikuza mpaka nyuso zikajaa. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Aliangalia dirisha, akaangalia upande wa shuka, akaangalia macho ya Mzee Obiero, ambayo hayakuwa kwenye kamera. Kipanya kilizunguka zunguka kikitafuta kazi. Kisha akakiachilia, akaniuliza nani alipiga.

"Mimi," nilisema.

Hakuongeza leya hata moja. Aliweka karatasi kubwa kwenye mashine, akaichapa vile ilivyokuwa.